Harusi Ubaoni

Watu wengi hudhani mchoraji wa harusi hukaa pembeni, akatazama, akachora anachokiona. Nami nilidhani hivyo hadi mwaka 1983, dada yangu alipoolewa pale Mnazi, chini ya milima ya Usambara, na baba akamwita fundi wa mabango atuchoree siku ile.

Fundi alikuja siku moja kabla. Alikuwa amejifunza Dar es Salaam mtindo wa Edward Saidi Tingatinga, yule aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huku kwetu Tanga, kisha mwaka 1968 akaanza kuchora kwenye vipande vya ubao wa dari kwa rangi za baiskeli. (Polisi walimpiga risasi kwa makosa mwaka 1972, alichora miaka minne tu.) Rangi hizo hung'aa, lakini hukauka polepole, na ukiweka ya pili juu ya mbichi huchanganyika. Kwa hiyo mandhari ilitangulia: milima kwa buluu, mikonge, turubai. Katikati aliacha nafasi tupu. Siku ya harusi hakushika brashi hata kidogo. Alizunguka na penseli, akiandika nani kasimama wapi na kanga ya nani ina rangi gani.

Wiki mbili baadaye ubao ulipoletwa, hewa ikachafuka. Mbele kabisa, wakubwa kuliko wote, walikuwa wanawake wawili waliobeba sinia la pilau, mmoja katupa mgongo. Bibi harusi alikuwa nyuma, mdogo kama kidole. Baba akasema hakutoa fedha zake kununua picha ya wapishi, wafutwe. Fundi akajibu kwa adabu, "Mzee, hawa ndio wanaotupeleka kwake. Ukiwatoa, jicho halina njia." Mwishowe walikubaliana: akamchorea dada pazia jekundu nyuma ya kichwa chake, wanawake wakabaki.

Miaka mingi baadaye nilikutana kitabuni na harusi ya wakulima aliyoichora Pieter Bruegel karibu mwaka 1567. Picha yenyewe iko Vienna. Nikacheka peke yangu. Wanaume wawili wako mbele, wamebeba vyakula juu ya mlango uliong'olewa. Bibi harusi kaketi mbali, nyuma ya meza, na kinachomtambulisha ni kitambaa cha kijani kilichotundikwa nyuma yake. Bwana harusi ni yupi, wataalamu wanabishana hadi leo. Sidhani kama fundi wetu alipata kuiona.

Yule aliyetupa mgongo ni mama mkubwa, aliyetulea. Siku ile alikuwa jikoni tangu alfajiri, na maishani mwake hakupigwa picha hata moja. Alifariki mwaka 1991. Uso wake haumo ubaoni. Lakini alivyofunga kanga, na kiwiko cha kushoto kilichobaki kimepinda tangu alipovunjika utotoni, fundi alivinakili vyote. Wajukuu wakiniuliza alikuwaje, huwapeleka pale ukutani nikawaonyesha kiwiko.