Ladha na Starehe: Wasemavyo Wanafalsafa, Wachumi na Wanasaikolojia

Ladha ni raha aipatayo mtu, mwilini au moyoni, anapofikia anachokitamani. Sisi wa visiwa vya Muleba, Ikuza, Bumbire hadi Goziba, tunao mfano wa karibu: senene. Msimu wao ukifika, hasa Novemba, hufuata taa usiku, wakakamatwa, wakanyonyolewa mabawa na kukaangwa.

Falsafa. Epicurus wa Ugiriki alisema raha ndiyo kheri ya mwanadamu, ila alikusudia mwili usioumwa na nafsi iliyotulia, si karamu na ulevi. Tabibu Abu Bakr ar-Razi alieleza kuwa ladha ni kurejea katika hali ya kawaida baada ya maudhi. Mwenye njaa ndiye ajuaye utamu wa chakula. Imamu al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria, 1111 Miladia) alisema kila kiungo kina ladha yake: jicho kwa kizuri, sikio kwa sauti nzuri, na moyo kwa kumjua Allah.

Uchumi. Jeremy Bentham wa Uingereza, mwaka 1789, alipima wema wa kitendo kwa raha inayozidi na maumivu yanayopungua. Mjerumani Hermann Gossen, mwaka 1854, alionyesha kuwa raha ya kitu hupungua kadiri kinavyoongezwa. Gao la kwanza la senene ni tamu kuliko la kumi.

Saikolojia. Mwaka 1954, James Olds na Peter Milner, nchini Kanada, waliwatia panya waya ubongoni. Panya wakawa wanabonyeza kitufe tena na tena wajipe umeme mdogo. Baadaye Kent Berridge alibainisha kuwa kutamani na kufurahia ni mambo mawili: mtu huweza kuzidi kukitamani kisichompa raha tena.

Hapa pana somo kwetu. Mvuvi anayetoka ziwani mbalamwezi ikianza, akamaliza fedha za dagaa kwenye rubisi huku watoto wakingoja unga, huenda hafuati raha tena. Tamaa ndiyo inayomburura.

Uislamu haukuharamisha ladha. Suratul A'raf, aya ya 31 na 32, inaruhusu vilivyo vizuri na kukataza israfu. Kileo kimekatazwa katika Suratul Maida, aya ya 90. Aliyenaswa na ulevi asikejeliwe. Ndugu zake wamsogelee kwa nasaha, wamsaidie kutunza fedha za nyumbani, na wampeleke kwa tabibu ikibidi.

Wallaahu a'alam.