Gari la Moshi na Mabega ya Watu: Vita vya Mashine katika Nchi ya Kilosa na Mikumi

Wanaoandika habari za vita vya karne ya 20 huzoea kusema kwamba mashine zilichukua mahali pa mtu. Bunduki moja ikafanya kazi ya bunduki mia, gari la moshi likafanya kazi ya misafara mingi, na ushindi ukahama kutoka mkono wa shujaa ukaingia katika tanuru la chuma. Kwa habari za Ulaya maneno haya yana ukweli mwingi. Lakini mtu akiyapima kwa mambo yaliyotokea katika nchi ya Kilosa na Mikumi baina ya 1892 na 1917, ataona kuwa ni nusu ya habari tu. Nusu ya pili ni kwamba mashine zilipofika huku zilidai watu wengi kuliko vita vyote vilivyotangulia. Nao waliodaiwa ndio waliosahauliwa.

Yafaa kwanza kuijua nchi yenyewe. Kilosa uko chini ya milima ya Usagara, karibu na mto Mkondoa, katika njia ambayo misafara ya pwani iliifuata kwenda Unyanyembe. Ukitoka hapo kuelekea kusini unaiacha mbuga ya Mkata upande mmoja, unafika Mikumi, kisha Kidodi na Uvidunda, hata mto wa Ruaha Mkuu. Ni nchi yenye mbung'o, na masika huifanya kuwa tope. Mambo haya mawili, mbung'o na tope, yalikuwa na nguvu katika vita kuliko majemadari wengi.

Silaha za viwanda hazikuanza kwa kushinda. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Zelewski katika muda mfupi sana, kwa sababu walikivizia njiani kabla mizinga yake haijafunguliwa. Walijipatia bunduki zipatazo 300. Mwaka uliofuata waliivamia ngome ndogo ya Wadachi huko Kondoa, karibu na Kilosa, wakawaua waliokuwamo. Basi mtu angeweza kudhani kwamba tofauti ya silaha si kitu. Hata hivyo, tarehe 30 Oktoba 1894 boma la Kalenga lilitekwa. Bunduki huweza kutekwa siku moja, lakini kiwanda hakitekwi pamoja nayo. Risasi za Mkwawa zilipokwisha zilikuwa zimekwisha. Za Wadachi zilipokwisha, meli ilileta nyingine. Hapa ndipo tofauti yenyewe ilipokuwa, wala si katika ushujaa.

Jambo hilo lilionekana tena katika vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905. Watu wa kusini waliielewa bunduki vizuri, na dawa ya maji waliitumainia kwa kuwa waliielewa. Tarehe 30 Agosti 1905, Wapogoro na Wambunga waliishambulia boma ya Mahenge, kusini ya nchi tunayoisema, wakaikuta bombom, yaani ile bunduki ya kumimina risasi ambayo watu waliiita kwa mlio wake. Waliendelea kusonga mbele hata walipoona wenzao wakianguka safu kwa safu. Lakini idadi kubwa ya waliokufa katika vita hivyo haikuuawa na risasi. Wadachi walichoma ghala na mashamba, njaa ikaua watu kwa makumi ya maelfu. Makadirio ya vifo vyote huanzia 75,000, na wanahistoria wengine huyafikisha hata 300,000. Tangu hapo, basi, yafaa tuwe na hadhari tusije tukaihesabia mashine kila kifo: moto na ghala tupu ni silaha za kale.

Katika mwaka huo wa 1905 Wadachi walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Magharibi ya Kilosa ililazimika kulifuata bonde la Mkondoa, penye madaraja mengi. Serikali ilitaka reli ya biashara, lakini vita vilipoanza mwezi Agosti 1914 ikawa uti wa mgongo wa jeshi la Lettow-Vorbeck. Askari na mizigo yao walihamishwa kwa siku chache katika safari ambayo zamani ilikula miezi.

Mwaka 1916 uti huo ulivunjwa. Jemadari Smuts alishuka kutoka kaskazini, na van Deventer akapita upande wa magharibi. Dodoma ilitekwa tarehe 29 Julai, Kilosa tarehe 22 Agosti, na Morogoro tarehe 26 Agosti. Wadachi waliporudi nyuma walivunja madaraja, na Waingereza wakaikuta reli isiyo na gari la moshi. Mafundi wa jeshi walitengeneza njia kwa miti, wakabadili magurudumu ya malori ili yapite juu ya reli. Ilikuwa hila njema, lakini ilisaidia mpaka kituoni tu. Wadachi walikuwa wamekwisha kuiacha reli, wakashika njia ya kusini kuelekea Mahenge, na aliyewafuata ilimpasa kutoka Kilosa kwenda Mikumi na Kidodi, ambako hakuna chuma kilichomtangulia.

Hapo mashine zilishindwa moja baada ya moja. Farasi wa Waafrika Kusini walikufa kwa maelfu kwa kuumwa na mbung'o. Malori yalizama katika tope la masika ya 1917. Ilibaki njia moja tu ya kupeleka risasi na unga mbele, nayo ni bega la mtu.

Naomba msomaji afanye nami hesabu ndogo. Tuseme mpagazi anabeba ratili 50 za unga, na chakula chake ni ratili 2 kwa siku. Akienda safari ya siku 10 na kurudi siku 10, atakuwa amekula ratili 40 za mzigo wake mwenyewe, na jeshi litapata ratili 10. Safari ikizidi kidogo, siku 12 za kwenda na 12 za kurudi, jeshi litapata ratili 2 tu. Ikifika siku 13 za kwenda na kurudi, mpagazi hawezi kujilisha hata yeye mwenyewe. Sasa ongeza bombom, ambayo kwa saa moja huweza kumaliza risasi zilizobebwa na watu wengi. Kila mashine iliyoharakisha vita mbele iliongeza idadi ya watu waliohitajiwa nyuma, na kila siku moja ya safari kutoka kituo cha Kilosa ilizidisha idadi hiyo. Jeshi la zamani la mikuki lilikula lilichokikuta. Jeshi la mashine lilihitaji mnyororo wa watu.

Kwa hiyo upande wa Waingereza peke yake uliandika wapagazi wapatao milioni moja katika vita vyote, na wengi hawakwenda kwa hiari. Wanahistoria wengine hukadiria kwamba waliokufa ni 95,000, na wengine kwamba walizidi 100,000. Wengi wao waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na chakula wasichokizoea kilichopikwa vibaya. Wadachi nao waliwachukua watu kwa nguvu, wakazikomba ghala za vijiji. Magharibi ya Kilosa, katika Ugogo, vita viliacha njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Huenda mtu akajibu kwamba mwishowe kiwanda ndicho kilichoamua, kwa kuwa Wadachi walizuiwa baharini. Hoja hiyo ina uzito. Manowari Königsberg iliharibiwa katika Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ndege zikiwaelekeza wapiga mizinga. Mnamo Novemba 1917 ndege kubwa ya gesi, L 59, iliondoka Bulgaria na tani 15 za dawa na silaha, ikarudi kutoka Sudani bila kufika. Lakini mizinga 10 ya Königsberg ilitolewa majini, ikatengenezwa, ikavutwa porini na mamia ya watu. Kwa magome ya mti yaliyotoka Amani Wadachi walijitengenezea kwinini, nao hawakuweka silaha chini mpaka tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn. Kuzuiwa kwa bahari kuliwadhoofisha. Kilichowawezesha kuendelea miaka minne ni migongo ya watu wa nchi hii.

Kumbukumbu zetu hazijaipokea hesabu hiyo sawasawa. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mtu mwenye bunduki. Maandishi yake huwataja wapagazi pia, lakini macho ya mpita njia huiona bunduki kwanza. Jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wachukuzi, limebaki kuwa jina la soko. Tangu 1964 Mikumi ni mbuga ya taifa, na wanaokwenda kutazama tembo hupita katika nchi ileile iliyopitiwa na misafara ya vita.

Sisi wenye kazi ya kuandika na kufundisha tuna deni hapa. Orodha za majina ya wapagazi nyingi hazikukamilika hata zilipoandikwa, na wazee waliobeba mizigo ile wamekwisha kufa. Hata hivyo wajukuu wao wako Kilosa, Ulaya, Mikumi na Kidodi, na katika koo nyingi habari za babu aliyechukuliwa asirudi bado husemwa. Mwanafunzi atakayekwenda kuzikusanya, akazilinganisha na karatasi za serikali zilizohifadhiwa, atakuwa ameandika historia ya vita vya mashine iliyo kamili kuliko ile inayoanza na kumalizikia kiwandani.