Utafutaji wa matini kwa prosesa za michoro

Utafutaji wa matini kwa prosesa za michoro ni mbinu ya kusaka maneno au mifuatano ya herufi kwa kugawa kazi kati ya maelfu ya nyuzi zinazoendeshwa sambamba. Algoriti inayotumika sana ni Aho–Corasick, iliyochapishwa mwaka 1975 na Alfred Aho na Margaret Corasick. Hutafuta maneno mengi kwa kupitia matini mara moja tu. Matini hukatwa vipande, na kila uzi husoma chake na kuvuka kidogo mpaka wa kipande kinachofuata ili neno lililokatwa lisikosekane. Mwaka 2008 mfumo wa Gnort ulitumia mbinu hii kubaini mashambulizi ya mtandaoni. Kikwazo kikuu ni muda wa kuhamisha data hadi kwenye kadi ya michoro.