Zabuni ya Fedha za Wanyonge

Msomaji, Serikali yoyote, hata iwe tajiri namna gani, haiwezi kufanya kila kazi kwa mikono yake. Ikitaka kujenga daraja, kununua vitabu vya shule au kuwafikishia wazee malipo yao, aghalabu hutangaza zabuni: wenye uwezo huandika bei zao na ujuzi wao, kisha mmoja huchaguliwa. Basi je, aliyeshindwa akiona kwamba njia ya kuchagua haikuwa ya haki, afanye nini? Na mahakama, ambayo si mhandisi wala mfanyabiashara, ina haki gani ya kuingia katika jambo hilo? Kesi moja ya Afrika Kusini yatupa jibu.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipokwisha mwaka 1994, nchi hiyo ilijitungia Katiba mpya, ile ya 1996. Kifungu cha 217 chaagiza kwamba ununuzi wa Serikali ufuate utaratibu wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Mwaka 2011 shirika la Serikali linalogawa ruzuku, liitwalo kwa kifupi SASSA, lilitangaza zabuni ya kuwalipa wazee, walemavu na watoto wa maskini. Januari 2012 kazi hiyo ilipewa kampuni ya Cash Paymaster Services, katika majimbo yote 9, kwa muda wa miaka 5, kwa fedha zipatazo randi bilioni 10. Kampuni ya AllPay, iliyokuwa imeshindwa, ikaenda mahakamani.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Masharti ya kwanza yalisema kwamba wakati wa kila malipo ni vizuri mpokeaji atambuliwe kwa alama za mwili wake, kama za vidole. Baadaye, Juni 2011, ikatoka ilani iliyosema kwamba jambo hilo ni la lazima. Walakini ilani hiyo haikueleza waziwazi nini hasa kilichotakiwa. Aliyetaka kupita ilimpasa kupata angalau alama 70 kwa 100. AllPay ilikuwa imevuka mpaka huo kwa shida. Ilipohojiwa juu ya alama za mwili, ikashuka chini ya 60. Akabaki mzabuni mmoja tu, na bei yake haikuwa na nyingine ya kulinganishwa nayo.

Mahakama Kuu iliyoko Pretoria ilisema mwaka 2012 kwamba zabuni haikufuata sheria, lakini ikauacha mkataba uendelee, kwa kuhofia malipo yasije yakavurugika. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Rufani ikaona kinyume: kasoro hizo ni ndogo, zabuni ni halali. Ndipo AllPay ikafika mbele ya Mahakama ya Katiba, ambayo tarehe 29 Novemba 2013 ilitamka kwamba zabuni ile ilikuwa batili.

Sababu yake, msomaji, ndiyo kiini cha insha hii. Mahakama ilikataa kuuliza, "Je, kama kila kitu kingefanywa sawasawa, mshindi asingekuwa yuleyule?" Ilisema kwamba uhalali wa njia hupimwa kwanza, peke yake. Fikiri juu ya mtihani. Karatasi yasema kwamba ni vizuri kuchora ramani. Kisha yaja ilani isiyoeleweka kwamba ramani ni lazima, na wewe wanyimwa alama kwa ajili yake. Mwalimu akikuambia, "Hata hivyo usingekuwa wa kwanza," je, utaridhika? Hata mwenye akili kuliko wote darasani hawezi kujua kama ameshinda kwa haki, ikiwa wenzake hawakujua walichoulizwa. Zaidi ya hayo, njia iliyopotoka huweza kuficha rushwa na upendeleo. Hukumu hii haikusimama juu ya rushwa. Ilisimama juu ya utaratibu uliovunjwa, na hilo lilitosha.

Hapo likazuka jambo gumu zaidi. Mkataba ukifutwa papo hapo, nani atamlipa bibi kizee mwisho wa mwezi? Tarehe 17 Aprili 2014 mahakama iliamuru zabuni itangazwe upya, na wakati huohuo Cash Paymaster Services iendelee kulipa, wala isiwatupe watu. Kosa la wakubwa lisiwe njaa ya wanyonge.

Hata hivyo hukumu haijitekelezi yenyewe. Mwaka 2015 SASSA iliamua kutompa mtu yeyote zabuni ile mpya, ikaahidi kuifanya kazi yenyewe. Lakini ilipokaribia 31 Machi 2017, siku ya mwisho wa mkataba, haikuwa tayari. Ruzuku zipatazo milioni 17 zilikuwa hatarini. Shirika la raia liitwalo Black Sash likakimbilia mahakamani, na mahakama ikalazimika kuuongeza kwa miezi 12 mkataba uleule iliokuwa imeutangaza kuwa batili. Mwaka 2018 Waziri aliyehusika, Bathabile Dlamini, aliamriwa kulipa kutoka mfukoni mwake sehemu ya gharama za kesi hiyo.

Usidhani kwamba haya ni ya mbali. Kifungu cha 227 cha Katiba yetu ya Kenya ya 2010 chataja mambo yaleyale matano. Kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015, mzabuni aliyedhulumiwa ana siku 14 za kupeleka malalamiko yake mbele ya bodi ya mapitio. Bodi ina siku 21 za kuamua, na asiyeridhika huenda Mahakama Kuu. Huko jaji hachagui mjenzi wa barabara wala muuzaji wa dawa. Huuliza tu kama masharti yalieleweka, kama yalikuwa mamoja kwa wote, na kama waliochagua waliyafuata. Nawe kesho utakapokaa katika kamati ya shule au ya kaunti, ukapewa bahasha za wazabuni uzifungue, jiulize maswali hayo matatu kabla hujatia sahihi, maana fedha utakazokuwa umezishika si zako.