Mombasa Isiyokuwa na Wamombasa

Neno mancala, ambalo wataalamu hulitumia kutaja jamii nzima ya michezo ya mashimo na kete, limetokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kuhamisha. Shina hilo hilo ndilo lililotupa sisi neno nakala. Nalitaja kwa sababu historia ya michezo yetu kuandikwa vitabuni na kuuzwa madukani ni historia ya nakala: mchezo huhamishwa kutoka barazani hadi kwenye boksi, na katika kila safari kuna kinachodondoka njiani.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 tu ubaoni: sita kwenye nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kuliani. Zile 22 zilizobaki huzishika, akaziingiza moja moja wakati wa namua, hatua ya kwanza ya mchezo. Kati ya mashimo yake 16, nyumba ni moja tu, na mara nyingi fundi huichonga mraba ili ijulikane. Mtu akila, kete zikamwishia kwenye nyumba yake, ana hiari: alale, yaani aishie hapo, au asafiri, yaani azisambaze kete za nyumba. Hapo ndipo wazee hukuna videvu, maana kusafiri mapema ni kuivunja nyumba mwenyewe. Sasa, vitabu vingi vya Kiingereza vinavyoeleza michezo ya jamii hii huita kila shimo nyumba. Msomaji aliyefundishwa hivyo akiketi mbele ya bao hataona ni kitu gani mwenzake anakilinda. Neno moja limetafsiriwa kwa urahisi, na moyo wa mchezo umepotea.

Kosa jingine ni kubwa zaidi. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni mchezo wa safu mbili za mashimo sita, akauita Kalah, nao ukanadiwa kama mchezo wa maelfu ya miaka. Kalah ina ghala mbili za pembeni ambamo kete zilizoliwa huwekwa zisirudi tena. Katika bao kete haitoki ubaoni kamwe. Iliyoliwa leo upande huu kesho itakula upande ule. Ni fikra mbili tofauti kabisa kuhusu mali. Hata hivyo, maboksi mengi ya maduka ya Ulaya na Marekani yenye picha za Afrika kifunikoni yana kanuni za Kalah ndani yake.

Dawa yake imekwisha kuonyeshwa. Katika miaka ya 1990 Mholanzi Alexander de Voogt alikwenda Zanzibar, akakaa na mafundi wa bao, akajifunza kwao na kupima jinsi wanavyokokotoa mitaji, yaani zamu za kula kete, vichwani. Tasnifu yake ya mwaka 1995 inawachukulia mafundi hao kuwa wajuzi wa taaluma yao. Aliyecheza ndiye aliyeulizwa, na kanuni zikaandikwa kwa majina yake mwenyewe: namua, mtaji, takata, kichwa, kimbi.

Wabunifu wa michezo mipya ya ubao wamechelewa kulifikia hilo. Mwaka 2014 ulitoka Five Tribes wa Bruno Cathala, mchezo unaotumia mtindo wa kusambaza vipande kama kete, katika nchi ya kubuni iitwayo Naqala. Ulikuwa na kadi za watumwa, zikanunuliwa sokoni na kutumiwa. Watu walilalamika, na katika toleo lililofuata watumwa wakageuzwa mafakiri. Picha ilibadilika. Kanuni haikubadilika: fakiri naye hununuliwa, hutumiwa, hutupwa. Kwangu mimi hayo si marekebisho, kwa sababu mchezo husema ukweli au uongo wake kupitia yale unayomruhusu mchezaji kuyafanya.

Mfano unaoniuma ni wa mji wa kwetu pwani. Mwaka 2015 Alexander Pfister wa Austria alitoa mchezo uitwao Mombasa. Wachezaji hununua hisa za kampuni nne zenye makao Mombasa, Cairo, Cape Town na Saint-Louis, na kuzitandaza Afrika nzima. Bidhaa zake ni pamba, ndizi na kahawa. Almasi nazo zimo. Kijitabu cha kanuni kilikiri kwamba enzi hiyo inahusiana na sura ya giza ya ukoloni, na kwamba unyonyaji hauonyeshwi mchezoni. Mwafrika hakupewa hata zamu moja. Kisha, mwaka 2022, mchezo ule ukatolewa upya kwa jina la Skymines, kampuni zikichimba madini mwezini na kwenye asteroidi, na kanuni zake kubwa zikabaki zile zile. Kama mji unaweza kuhamishiwa mwezini bila kanuni kutetereka, basi mji huo haukuwamo tangu mwanzo.

Mombasa ya kweli ingezivunja kanuni hizo. Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, na kufikia 1895 ilikuwa imeshindwa, na serikali ya Uingereza ikachukua nchi. Kabla yake palikuwa na utawala wa Wamazrui mpaka 1837, halafu wa Sultani Seyyid Said, na nyakati zote Thelatha Taifa na Tisa Taifa, makundi ya Waswahili wenyeji, walikuwa na kauli yao mjini. Pembe za ndovu zililetwa na Wakamba na Wamijikenda, walioamua wenyewe wamuuzie nani. Watumwa walikuwapo, nao ni watu wenye majina. Na juu ya wote ulikuwapo upepo: kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ukayarudisha. Jahazi lililokosa kusi lilibaki bandarini likingoja msimu mwingine, na mabaharia wake walikula, wakakopa, na wengine wakaoa humo humo mjini.