Amri ya Kulala na Marufuku ya Mayai

Kwetu Tanga, macho ya mtu yakigeuka manjano, hukumu ilitangulia dawa: alale, asiguse mafuta, mayai wala nyama, anywe glukosi na juisi ya miwa mpaka mkojo urudie rangi yake. Nikiwa muuguzi wodini, niliwaona ndugu wakiilinda amri hiyo kuliko madaktari. Mama mmoja alinipokonya sahani ya maharage niliyompelekea mwanawe. "Nesi, unataka kumuua mwanangu?" Kijana mwenyewe, mbavu zinahesabika, aliifuata ile sahani kwa macho hadi mlangoni.

Bibi zetu wasibebeshwe lawama peke yao. Madaktari nao walifundisha hivyo, na Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyoitia amri nguvu. Mwaka 1942 wanajeshi wa Marekani wapatao 50,000 waliugua homa ya ini, ile inayogeuza macho manjano, baada ya kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano. Chanjo ilichanganywa na majimaji ya damu ya binadamu, na humo mlikuwa na virusi. Wakati huo hakuna aliyevijua. Kirusi cha homa ya ini ya B kilianza kutambuliwa miaka ya 1960, cha A kikaonekana kwa hadubini 1973. Dawa hakuna, basi kikabaki kitanda. Madaktari wa jeshi waliokuwa Mediterania walionya kwamba askari akiamka mapema ugonjwa humrudia, watu wakalazwa wiki baada ya wiki.

Vita vya Korea vilipoleta wagonjwa wengine, daktari Thomas Chalmers na wenzake waliamua kuipima amri yenyewe. Huko Kyoto, Japani, waliwagawa askari kwa kura: hawa wabaki kitandani, wale waamke wanavyojisikia, ila wapumzike saa moja baada ya kila mlo. Matokeo yalichapishwa 1955. Walioachwa watembee walipona sawasawa na waliolazwa, na walioshibishwa chakula chenye protini nyingi walipona mapema kidogo.

Hata hivyo amri haikufa. Nadhani ni kwa sababu homa ya ini ya A, iliyo ya kawaida kwa watoto, mara nyingi huisha yenyewe, na sifa huchukuliwa na yeyote aliyekuwa karibu na kitanda. Miwa ilipata sifa nyingi isizozifanyia kazi.

Mgonjwa wako akitaka yai, mpe. Mafuta atayakataa mwenyewe kichefuchefu kikimshika. Akichoka alale, akipata nguvu aote jua barazani. Marufuku yako ipeleke kwenye pombe, kwenye mitishamba usiyojua imechemshwa na nini, na kwenye panadoli za kumezwa ovyo bila kumuuliza daktari, maana hizo ndizo zinazoliumiza ini. Na akianza kuchanganyikiwa, kusinzia mchana kutwa au kutapika damu, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.