Chuo cha Wasiochaguliwa

Katika Tanzania ya miaka ya 1970, "kuchaguliwa" kulikuwa na maana moja kwa mtoto wa darasa la saba: jina limetoka, anakwenda sekondari. Wengi majina yao hayakutoka. Walirudi kwenye jembe la baba wakiwa hawajabalehe vizuri, na kijijini wakaitwa waliofeli.

Enzi za ukoloni milango ya ufundi ilikuwa ya kuhesabu. Ifunda, Iringa, shule ya ufundi ilianza mwaka 1951 mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Moshi ikafuata mwaka 1957. Kijana asiyepata nafasi huko alijifunza kwa fundi wa mtaani, akishika taa na kufagia maranda mpaka fundi mwenyewe aridhike.

Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Rais Nyerere alitaka shule ya msingi imwandae mtoto kwa maisha, isiwe ngazi ya kupandia sekondari tu. Lakini baada ya darasa la saba kijana aende wapi? Jibu moja lilitoka Sweden, kwenye vyuo vya wananchi ambavyo mizizi yake ni Denmark ya mwaka 1844. Mwaka 1975, kwa msaada wa Sweden, vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi huviita FDC. Matofali mengi hayakuwa mapya, kwa kuwa vituo vya mafunzo ya wakulima viligeuzwa vyuo. Kibaha, kwa mfano, kituo cha wakulima kilikuwa sehemu ya mradi wa nchi za Nordiki. Hatimaye vyuo vikapita 50.

Uzuri wake ulikuwa kwenye mlango. Hakuna aliyedaiwa cheti. Kijiji ndicho kilichomteua mtu, naye akakaa bweni, akasoma kwa Kiswahili useremala, uashi, kilimo, ushonaji na siasa, kisha akarudi kwao na ujuzi wake. Mtihani wa kumtia mtu hofu haukuwapo. Ni jambo la thamani kubwa hilo, na lilistahili kulindwa kuliko lilivyolindwa.

Maana ukata wa miaka ya 1980 uliviumiza vyuo, msaada ukapungua, mapaa yakavuja. Sheria ya mwaka 1994 ilipoiunda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, waajiri walizidi kuuliza cheti, na vyuo vya wananchi navyo vikaanza kufundisha kozi za VETA. Mwaka 2016 vikahamishiwa Wizara ya Elimu.

Wenye ulemavu walingoja zaidi. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Lakini kusoma mpaka darasa la saba ni jambo moja, na kupata kazi ya mikono ni jingine. Chuo cha ufundi cha wenye ulemavu cha Yombo, Dar es Salaam, kiliwafungulia njia baadhi yao. Mwaka 2010 sheria ikaweka haki yao ya elimu na mafunzo kwenye maandishi. Hata hivyo karakana nyingi bado zina ngazi bila njia ya kiti cha magurudumu, na walimu wengi hawajui lugha ya alama. Inasikitisha, kwa sababu kikwazo mara nyingi ni kidogo mno. Msichana kiziwi kwenye cherehani hahitaji kusikia uzi ukinasa: huuhisi kwenye kanyagio, akanyanyua mguu kabla sindano haijavunjika. Anachohitaji ni mwalimu wa kumwonyesha kwa mikono.

Siku hizi wasiochaguliwa ni wengine. Wengi ni wasichana waliokatishwa masomo na ujauzito, ambao mpaka Novemba 2021 shule za serikali hazikuwaruhusu kurudi baada ya kujifungua. Vyuo vya wananchi viliwapokea kabla ya hapo, na baadhi vikaweka chekechea ndani ya uzio. Kengele ya mapumziko ikilia, mama kijana hutoka kwenye karakana ya useremala, akakung'uta vumbi la mbao kwenye sketi, akavuka uwanja kwenda kunyonyesha.